UFA UKUTANI: MASOMO YA NYUMBA KUUKUU

Mlezi wa chama aliniomba niandike makala juu ya msamiati wa nyumba. Ningeweza kuketi na kamusi nikanakili maneno, lakini nimeona heri niyatoe nyumbani kwetu, maana mengi nimeyajulia huko nikiwa nimeshika ndoo ya mchanga.

Wazazi wangu walikuwa wapangaji Nairobi tangu kabla sijazaliwa. Mwaka 2023 waliamua kutafuta kwao wenyewe mashambani, katika Kaunti ya Machakos, upande wa Kangundo. Kujenga kuanzia chini hatukuwa na uwezo. Tulitafuta nyumba iliyokwisha kusimama, hata kama imechoka.

Nyumba ya kwanza ilitupendeza sana. Ilikuwa na miembe miwili na bei yake ilikuwa ya chini. Muuzaji, kijana mwenye maneno matamu, alitaka nusu ya pesa siku hiyo hiyo kwa kuwa eti kulikuwa na mteja mwingine njiani. Baba alikwisha kutia mkono mfukoni. Mama ndiye aliyesema, "Baba Mutua, ngoja kwanza tufanye sachi." Sachi ndilo jina la mitaani la kuomba ofisi ya msajili wa ardhi ikuonyeshe mwenye shamba ni nani na kama lina deni la benki au zuio. Ilipotoka, jina lililokuwa kwenye hati lilikuwa la babu yake yule kijana, naye alikuwa amefariki zamani. Hapo basi. Sheria ya Urithi haimruhusu mtu kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijamteua msimamizi wa mirathi na kuthibitisha uteuzi huo. Tungelipa, tungekuwa tumenunua kesi ya ndugu na mashangazi.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mzee mmoja mwenye hati yake mkononi. Hata hivyo hatukukimbia. Baba alienda na mpima ardhi kutafuta vigingi vya mpaka, na kimoja kilipatikana ndani ya ua la jirani. Ardhi ya kilimo pia haiuzwi kwa kusalimiana tu. Tangu mwaka 1967 iko sheria inayotaka idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu kuandika mkataba, la sivyo mkataba huwa batili. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenzi huyo inahitajika. Mkewe mzee alifika mbele ya bodi mwenyewe na akaulizwa kama anakubali. Baadaye kuna ushuru wa stempu, asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 kwa ile ya mijini. Wengi husahau kuuweka kwenye hesabu, na baba alikuwa mmoja wao.

Jambo jingine dogo la hesabu. Wauzaji hutangaza "hamsini kwa mia" na kuiita thumni ya ekari. Wengi wetu tunajua thumni kuwa ni senti hamsini, kumbe neno lenyewe maana yake ni sehemu ya nane. Ekari moja ni futi za mraba 43,560, hivyo thumni yake ni 5,445. Futi 50 mara 100 ni 5,000. Zile 445 zimekwenda wapi? Muulize muuzaji.

Tulihamia Januari 2024. Sasa msamiati. Mafundi wetu wana maneno yao: linta, kenchi, fashabodi, gata. Kiswahili cha pwani nacho kina hazina yake. Nguzo mbili za mlango zilizosimama ubavuni huitwa miimo, na ubao unaovukwa chini ni kizingiti. Mlango huning'inia kwenye bawaba, nazo zetu zilikuwa zimeshikwa na kutu hata mlango ukifunguliwa mbwa wa jirani wanabweka. Ule mti unaolala juu ya ukuta kubeba paa, fundi huuita "woleti". Wazee wa pwani huuita mtambaapanya. Mimi nilicheka sana nilipoambiwa, mpaka usiku niliposikia panya wenyewe wakitambaa.

Ukinunua mabati mapya, uliza geji. Geji 28 ni nene kuliko geji 30; namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Jambo hili limewadanganya watu wazima wengi.

Lakini lililotunyima usingizi ni ufa. Ulikuwa katika kona ya chumba cha ndugu yangu mdogo, umekwenda mshazari kutoka dirishani, juu mpana na chini mwembamba. Nyufa si sawa zote. Ukiwa mwembamba kama unywele na uko kwenye plasta tu, hauna neno. Ukiuona ndani, kisha ukazunguka nje ukaukuta mahali pale pale, jua ukuta wenyewe umepasuka. Na ukiwa mpana juu kuliko chini, mara nyingi ni kona inayozama. Nilichukua rula yangu ya hisabati, nikapima na kuandika kwa penseli ukutani pamoja na tarehe. Mwezi Machi ilikuwa milimita 4. Mvua za masika ya mwaka huo, zile zilizoleta mafuriko nchini, zilipofika Aprili, ilikuwa 7. Mwisho wa Mei, 11. Usiku mmoja kipande cha plasta kilianguka juu ya mto wa kitanda. Bahati mtoto alikuwa amekwenda kujisaidia. Tangu usiku huo alilala sebuleni nasi.

Baba alitaka ufa ungoje Desemba, kwa sababu pesa zilizokuwapo zilikuwa za karo yangu ya muhula wa tatu. Sikumbishia. Nilimpeleka tu pale ukutani nikamwonyesha alama zangu za penseli. Alisimama kimya kitambo kirefu, kisha akatoka nje. Kesho yake televisheni na kabati la vyombo viliuzwa.

Fundi alipokuja nikajitia hodari nikamwambia, "Fundi, sisi shuleni tumefunzwa usipoziba ufa utajenga ukuta." Akanijibu, "Kijana, ukiziba ufa peke yake, huo ukuta utaujenga vile vile. Twende tuangalie chini." Alituzungusha nje. Nyumba haikuwa na gata. Paa letu lina ukubwa wa mita za mraba 60 hivi. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo mvua ya milimita 20 humwaga kama lita 1,200, na yetu yote ilikuwa ikianguka miguuni pa ukuta na kuula msingi.

Kazi ilifanywa Agosti, udongo ukiwa mkavu. Hakuchimba chini ya kona yote kwa pamoja, maana ukuta ungeshuka. Alichimba shimo fupi, akajaza zege, akaruka nafasi, akachimba jingine. Yalipokauka ndipo akarudia nafasi alizoruka. Kisha tukafunga gata na tangi. Maji yaliyokuwa yakitubomolea nyumba sasa ndiyo mama anayofulia na kunyweshea sukuma wiki, na safari zetu za mtoni zimepungua.

Maisha ya kijijini mengine yalikuwa mepesi kuyazoea, isipokuwa kutembea kwenda shule alfajiri kwenye umande. Yule jirani mwenye ua lililomeza kigingi tulimwogopa bure. Alilisogeza ua mwenyewe, akatuletea na miche ya mparachichi.

Mvua za vuli, ambazo huku Ukambani ndizo hutegemewa zaidi kwa kilimo, zilianza tukiwa na wasiwasi. Plasta ilikwisha kupigwa upya, lakini baba alimwambia fundi aache kipande cha urefu wa rula bila kukifunika. Alama ya mwisho niliyoandika hapo ni ya tarehe 9 Desemba 2024: milimita 11, sawa na ile ya Mei. Ndugu yangu amerudi chumbani kwake. Kitanda, hata hivyo, amekisogeza upande wa mlango, na hakuna aliyemwambia akirudishe.