Nyoka Anapojivua Gamba: Somo la Kumtunza

Nilipoombwa makala ya mazingira, wengi walidhani nitaandika juu ya mikoko au bahari. Mimi nimechagua nyoka. Tafadhali usifunue ukurasa wa pili kwa hofu, huyu wa kwenye karatasi haumi.

Nataka kueleza vile nyoka anayefugwa hutunzwa wakati anapojivua gamba. Si kwamba nawahimiza mfuge, la hasha! Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumwokota nyoka porini na kumweka nyumbani bila kibali, na wanaohusika na vibali hivyo ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Lakini sheria ni kitu kimoja na mtaa ni kitu kingine. Huku kwetu Kisumu Ndogo, Malindi, kijana mmoja alimshika nyoka wa nyumbani, yule wa kahawia asiye na sumu ambaye hula panya, akamtia kwenye mtungi wa plastiki uliokatwa juu. Alimpenda kwelikweli. Baada ya wiki kadhaa macho ya nyoka yakageuka rangi ya maji ya mchele, ngozi ikafifia, na chakula akakataa. Watu wakaja na maneno yao: wengine ati amepofuka, wengine ati ni jini anabadilika. Kijana akaona ngozi imeanza kubanduka mdomoni, akasema anamsaidia. Akaivuta. Ngozi mpya ya chini ilikuwa bado haijakomaa, ikachanika. Siku ya tatu nyoka akafa.

Sasa jiulize, nyoka yule alikuwa na ugonjwa gani? Hakuwa na ugonjwa wowote. Ndiyo sababu ya somo hili.

Ngozi ya nje ya nyoka ni tabaka gumu la keratini, kitu kilekile kilichomo katika kucha na nywele zetu. Tabaka hilo limekufa, halikui. Mwenyewe nyoka anakua, basi inambidi atengeneze jingine chini yake na kulitupa la zamani. Anapokuwa tayari, majimaji huingia katikati ya tabaka hizo mbili ili ziachane. Hapo ndipo macho yanapofifia, kwa sababu nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja jembamba linaloangaza kama kioo cha saa, na gamba hilo nalo hubadilishwa. Kwa siku kadhaa nyoka haoni vizuri. Halafu macho hung'aa tena, na anayemtazama hudhani mambo yamekwisha, kumbe bado. Ni siku chache baadaye ndipo anaposugua pua kwenye jiwe au gogo, ngozi ikafunguka mdomoni, naye akatambaa akiiacha nyuma ikiwa imegeuka ndani nje, kama soksi inavyovuliwa na mtu mwenye haraka. Kazi nzima, tangu kufifia hadi kuvua, huchukua kama wiki moja au mbili. Wadogo hujivua mara nyingi, pengine kila mwezi, kwa kuwa wanakua upesi. Wakubwa ni mara chache tu kwa mwaka.

Mimi niliyaona macho hayo kwa karibu Watamu, kwenye shamba la nyoka la Bio-Ken. Ukipanda matatu hapa Malindi unapita Gede, kisha unakata kushoto kuelekea baharini. Shamba hilo lilianzishwa mwaka 1980 na James Ashe, ambaye zamani alikuwa mtaalamu wa nyoka katika makumbusho ya Nairobi. Alifariki mwaka 2004. Mwaka 2007 wanasayansi walipotambua kwamba fira mkubwa atemaye mate wa pwani yetu ni aina ya peke yake, walimpa jina lake, Naja ashei. Ndiye mkubwa kuliko mafira wote watemao mate duniani, na ni jirani yetu! Siku niliyokwenda kulikuwa na chatu mwenye macho ya buluu-maziwa, amejikunja, hakuna aliyemgusa.

Na hilo la kutomgusa ndilo kubwa kuliko yote. Nyoka asiyeona vizuri huogopa, na mwoga huuma hata mkono anaoujua. Tena ngozi mpya ni laini, huumia kwa kushikwa tu. Chakula asilazimishwe. Wengi hukataa wenyewe, na panya aliye hai akiachwa humo anaweza kumtafuna nyoka aliyenyamaza.

Anachohitaji hasa ni unyevu. Hewa ikikauka, kama vile huku kwetu mwezi wa Januari na Februari kaskazi ikivuma, ngozi hukatikakatika ikatoka vipande vipande. Basi awekewe bakuli la maji zito, pana kiasi cha kuingia mwili wote, na pembeni kijificho chenye unyevu: kasha la plastiki lililotobolewa mlango, ndani yake kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa. Huko Ulaya na Marekani wafugaji hununua makumbi ya nazi yaliyosagwa, yamefungwa kwenye paketi, ili kuwatandikia nyoka wao. Makumbi haya haya ambayo sisi tunayachoma jikoni! Hata nyoka wenyewe wengine asili yao ni huku. Yule mnene mfupi wa mchangani, ambaye jina lake la Kizungu lina neno Kenya ndani yake, hufugwa sana huko na huzaliwa majumbani mwao. Lakini unyevu si matope. Kizimba kikiloa chote bila hewa kupita, ukungu huingia na magamba ya tumboni huoza. Sehemu moja iwe na unyevu, nyingine ikauke, nyoka achague mwenyewe. Jiwe la kukwaruza lisisahauliwe.

Akishajivua, mtunzaji asikimbilie kumbeba nyoka. Kwanza aokote gamba alisome. Kichwani atafute vile vioo viwili vya macho, mkiani atazame kama ncha imetoka. Kikikosekana kioo kimoja, bado kimo jichoni. Asikichokoe kwa ukucha wala kibano, maana kilicho chini ni jicho lenyewe. Aongeze unyevu, na kisipotoka safari ijayo, daktari wa mifugo atazame. Mkiani ndiko hatari isiyoonekana: pete ya ngozi kavu ikibaki hukaza kama uzi kwenye kidole, damu haipiti, ncha ikafa. Dawa yake ni maji ya vuguvugu, si ya moto, yasiyomfunika, kwa nusu saa hivi huku mtu akimwangalia. Kisha aachwe apite ndani ya taulo lililoloa, taulo ndilo livute. Na nyoka anayejivua mara kwa mara kupita kawaida huenda ana utitiri.

Wanaochukia nyoka nao wasome hapa. Gamba likiokotwa kwenye makuti au kuni, mtaani watu hutawanyika, na urefu wa nyoka huongezeka mita moja kila nyumba habari inapopita. Ukweli ni kwamba gamba huwa refu kuliko mwenyewe, kwa sababu ngozi ya katikati ya magamba hunyooka likivuliwa. Halina sumu, ila nawa mikono kwa sabuni, manake linaweza kubeba bakteria wa salmonela. Linakwambia nyoka alipita hapo. Kama yupo bado, halisemi. Kwa hiyo usitie mkono shimoni kumtafuta, waite wanaojua kazi. Shirika la Afya Duniani liliuingiza uumwaji wa nyoka katika orodha ya maradhi ya tropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na hukadiria kwamba watu 81,000 hadi 138,000 hufa kwa mwaka. Wengi ni watu wa mashambani kama mababu zetu huko Ganze na Magarini, si wafugaji wa nyoka.

Jambo la lugha kidogo, maana hili ni jarida la Kiswahili. Mwaka 2011 chama cha CCM kule Tanzania kilitangaza "kujivua gamba", maana yake kuwatoa wanachama waliotuhumiwa ufisadi. Mimi nauona msemo huo una kasoro. Nyoka akishajivua huwa ni yuleyule, ila amekuwa mkubwa zaidi!

Gamba lililookotwa kwenye dari ya jirani yetu mwezi wa Mei nimelileta shuleni. Limo katika kabati la maabara ya biolojia, rafu ya chini, na vioo vyote viwili vya macho vimo. Ufunguo anao mwalimu wa zamu.