Soma Kwanza, Ndipo Ujibu Ndiyo

*Dada, nimeweka Ubuntu kwenye laptopu yangu. Wenzangu chuoni wanaweka na kutoa programu kwa kuandika amri kwenye terminali. Mimi naogopa nitaharibu mashine. Nifanyeje?*
— Mwoga wa terminali, Dodoma

Mdogo wangu, kuogopa si dhambi, ila unachokiogopa sicho. Amri zenyewe ni chache. Kinachowaponza watu ni kujibu ndiyo kabla ya kusoma walichoulizwa.

Anza na `sudo apt update`. Hii haiweki programu yoyote. Inaleta orodha mpya ya vilivyomo kwenye maghala ya Ubuntu. Ukiiruka, unaweza kuagiza toleo ambalo limeshaondolewa ghalani. Halafu andika, tuseme, `sudo apt install vlc`. Utaombwa neno la siri, na ukiandika huenda usione hata nyota moja. Usishtuke, linaingia.

Sasa tulia hapa. Programu moja huhitaji nyingine, kwa hiyo apt, ndiyo inayoweka na kutoa programu, itakutajia vyote itakavyoshusha, MB zake na nafasi vitakayochukua. Pima na bando lako. Mwisho itauliza `[Y/n]`. Hiyo Y kubwa si pambo: ukibonyeza Enter tu, umekubali.

Kutoa ni `sudo apt remove vlc`. Huacha nyuma mafaili ya mipangilio ya mfumo; ukitaka nayo yaondoke, tumia `purge`. Mipangilio iliyo kwenye folda lako binafsi haiguswi. Vile vilivyokuja kuisaidia programu husafishwa kwa `sudo apt autoremove`. Kote huko utapewa orodha ya vinavyotoka. Ukiona humo jina kama `ubuntu-desktop`, linalohusu madirisha na menyu, jibu n, kisha uulize anayejua.

Usidhani kujibu ndiyo bila kusoma ni kosa la wageni tu. Mwaka 2021 Linus Sebastian, mtangazaji maarufu wa teknolojia kwenye YouTube, alitaka kuweka Steam, programu ya michezo ya kompyuta, kwenye Pop!_OS, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu. Kifurushi cha Steam kilikuwa na hitilafu, lakini apt ilimwonyesha vitakavyoondolewa, ikamtaka aandike sentensi nzima kuthibitisha. Akaiandika. Madirisha na menyu vyote vikatoweka, akabaki na maandishi matupu.

Ukiwa na shaka, fanya jaribio la maigizo: `apt -s remove vlc`. Utaonyeshwa kila hatua, na hakuna kitakachoguswa. Ukisahau ulichofanya juzi, kumbukumbu ipo kwenye `/var/log/apt/history.log`.

Na zile amri mnazorushiana kwenye grupu la darasa, zikiwa na `-y`, ifute hiyo kabla hujabonyeza Enter. Kazi yake ni kujibu ndiyo kwa niaba yako, na wewe bado hujafika pa kujibiwa.