Chombo gani kinafaa kubebea maji ukiwa lindoni au mlimani?

Mtazame bawabu anayelinda lango la jengo unamofanyia kazi. Huenda ukaona chini ya kiti chake chupa iliyokuwa na soda miezi mingi iliyopita, ama kijerikeni cha mafuta ya kupikia ambacho bado kinanuka mafuta. Hayo ndiyo maji yake ya zamu nzima ya saa 12. Jua linapogeukia upande wa lango, maji hayo huwa vuguvugu kama ya kuoga, naye huyaacha. Jioni anarudi nyumbani kichwa kikimgonga, anameza tembe mbili za kutuliza maumivu, na kesho yake mambo ni yale yale.

Juma hili tutaangalia vyombo vya kubebea maji kwa watu ambao kazi yao au burudani yao huwaweka mbali na mfereji kwa muda mrefu: mabawabu, polisi wa doria, walinzi wa wanyama pori, wahudumu wa bodaboda na wapandaji milima wa mwisho wa juma. Madukani siku hizi vyombo hivi ni vingi, vingine vya bei ya kushtua, na wengi hununua kwa kuvutiwa na rangi.

Kabla ya kufikiria chombo, fikiria kiasi. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, NIOSH, hushauri mtu anayefanya kazi katika joto anywe kikombe kimoja, yaani karibu robo lita, kila baada ya dakika 15 hadi 20. Hiyo ni kati ya robo tatu ya lita na lita moja kwa saa. Basi ukitembea juani saa tatu unahitaji lita mbili na zaidi, na kwa kuwa kila lita ya maji ina uzani wa kilo moja, hapo umejitwika kilo mbili na kitu juu ya mzigo wako mwingine. Bawabu aliyeketi kivulini hahitaji kiasi hicho. Kwa hivyo swali la kwanza ni hili: maji ya kujaza tena yako umbali gani? Kama mfereji uko hatua ishirini kutoka langoni, lita moja inakutosha. Kama unakwea Mlima Longonot, wenye urefu wa mita 2,776, usitarajie kukuta maji njiani. Beba yote.

Wazee wetu walitumia kibuyu, na hakikuwa chombo kibaya. Ni chepesi na maji hukaa baridi ndani yake. Kasoro yake ni kwamba huvunjika, na ndani hakuoshwi kwa urahisi. Wanajeshi wa Uingereza katika vita vikuu vyote viwili vya dunia walibeba chupa za chuma zilizopakwa enameli na kuvikwa kitambaa kizito cha sufu. Askari akikilowesha kile kitambaa, upepo ulikikausha na maji ya ndani yakapoa. Ujanja huo bado unafanya kazi. Ukiivika chupa yako soksi nzito iliyolowa na kuitundika penye upepo, utashangaa. Haufai Mombasa, lakini, kwani huko hewa ina unyevu mwingi na soksi haikauki upesi.

Mfuko wa maji unaobebwa mgongoni, wenye mrija unaofika mdomoni, ulizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mhudumu wa dharura aitwaye Michael Eidson alikuwa akishiriki mashindano ya baiskeli ya maili mia moja huko Texas, mahali pa joto kali. Alichukua mfuko wa dripu wa hospitalini, akautia katika soksi ndefu, akaushonea mgongoni mwa fulana yake na kuupitisha mrija begani. Ndipo ikaanza kampuni ya CamelBak, na baadaye majeshi mengi yakaiga.

Mfuko huu una faida ambayo wengi hawaitambui hadi waujaribu. Mtu hunywa kidogo kidogo bila kusimama na bila kutumia mikono, na hivyo ndivyo mwili unavyopenda kupewa maji. Mwenye chupa ndani ya begi huahirisha: “Nitakunywa tukifika pale juu.” Kwa askari wa doria kuna jambo jingine. Chupa iliyo nusu hupiga kelele kila hatua, nayo kelele hiyo humwonya jangili. Ukiujaza mfuko, ukaupindua na kuifyonza hewa yote kupitia mrija, maji hayachezi kamwe hata yakibaki nusu.

Lakini mfuko una udhaifu wake. Huoni maji yaliyosalia, na watu wengi wamefika katikati ya safari wakafyonza hewa tupu. Hutoboka. Isitoshe, kwenye Mlima Kenya, wale wanaoelekea Point Lenana usiku wa manane, kwenye mita 4,985, hukuta maji yameganda ndani ya mrija. Dawa yake ni kupuliza kila baada ya kunywa ili maji yaliyomo mrijani yarudi mfukoni. Hata hivyo, beba chupa moja kama akiba na uiweke kichwa chini ndani ya begi. Barafu huanzia juu, kwa hivyo itaganda upande wa kitako na mdomo utabaki wazi.

Kwa maoni yangu, bawabu wa langoni hana haja ya mfuko wa mgongoni. Anunue chupa ya chuma kisichoshika kutu, yenye kuta mbili, ya lita moja, ambayo huweka maji baridi mchana kutwa na uji moto usiku. Mpandaji mlima abebe mfuko wa lita mbili pamoja na chupa ya lita moja. Mhudumu wa bodaboda naye achague chupa yenye mdomo mpana na kifuniko kisichotenganika na chupa, kwani kifuniko kikianguka barabarani hakifuatwi.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho chombo kimetengenezwa nacho. Pindua chupa ya plastiki uangalie kitakoni. Utaona namba ndani ya pembetatu. Namba 1 ni ile ya chupa za maji ya dukani, iliyokusudiwa kutumiwa mara moja. Huparuzika upesi ndani na vijidudu hujificha humo. Namba 2 na 5 ni imara na hufaa. Namba 7 ni mchanganyiko wa aina nyingi, na miongoni mwake imo polikaboneti, plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, ambayo hutengenezwa kwa bisfenoli A. Kemikali hiyo huweza kuvuruga homoni. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika chupa za watoto mwaka wa 2011, Marekani mwaka wa 2012. Kama chupa ya namba 7 haijaandikwa kwamba haina bisfenoli A, iache dukani.

Chupa ya alumini ni nyepesi lakini ikibonyea utando wa ndani huweza kubanduka. Usitie maji ya ndimu katika chombo cha shaba wala alumini isiyopakwa kitu ndani, kwa maana asidi huila metali hiyo nawe ukainywa. Chuma kisichoshika kutu hakina shida hiyo. Ile yenye ukuta mmoja hata huweza kuwekwa motoni, kifuniko kikiwa kimetolewa, maji yakachemka humo humo. Ile yenye kuta mbili usithubutu kuiweka motoni, inaweza kupasuka.

Na kijerikeni kilichokuwa na dawa ya mimea, rangi au mafuta ya taa? Hakioshwi kikatakata. Kemikali huingia ndani ya plastiki yenyewe. Kadhalika, usigeuze mambo kwa kutia mafuta ya taa katika chupa ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi.

Kuna sababu nyingine ya kununua chombo cha kudumu. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja, zikiwemo chupa za maji za dukani, haziruhusiwi katika mbuga, misitu iliyohifadhiwa na fuo humu nchini.

Usafi ndio unaowashinda wengi. Pitisha kidole ndani ya shingo ya chupa yako sasa hivi. Ukihisi utelezi, hao ni vijidudu waliojijengea makao. Osha kila siku kwa maji moto, sabuni na brashi, na uvue ule mpira wa kifuniko, kwani ukungu mweusi hupenda kujificha nyuma yake. Mfuko wa mgongoni ni mkaidi zaidi: uloweke kwa maji yenye magadi soda, upitishe kamba nyembamba yenye kitambaa ndani ya mrija, kisha uutundike wazi hadi ukauke kabisa. Wengine huuweka kwenye friza, na ni wazo zuri, kwani ukungu hauoti kwenye baridi hiyo. Usitie sharubati wala maji ya sukari mfukoni.

Chombo safi chenye maji machafu hakikusaidii. Yachemshe maji hadi yatokote kwa dakika moja, na ukiwa juu ya mita 2,000 yaache dakika tatu. Ukitumia tembe za klorini, fuata maagizo ya pakiti na usubiri dakika 30. Halafu legeza kifuniko kidogo, upindue chupa, uache maji yenye dawa yatiririke mahali kifuniko kinapojizungusha. Ukisahau hatua hiyo, mdomo wako utakutana na matone ambayo dawa haikuyafikia. Wasio na kuni wala dawa wanaweza kutumia jua. Utafiti uliofanywa miongoni mwa watoto wa Kimaasai hapa Kenya na kuchapishwa mwaka wa 1996 ulionyesha kwamba maji yaliyoanikwa juu ya paa katika chupa za plastiki zinazopenya mwanga yalipunguza kuhara. Saa sita za jua kali hutosha maji yakiwa meupe. Hapa chupa ya chuma haifai hata kidogo.

Je, mtu anaweza kunywa maji kupita kiasi? Naam, na huweza kufa. Maji mengi kwa muda mfupi hupunguza sodiamu katika damu na ubongo huvimba. Wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston mwaka wa 2002 walipopimwa damu, asilimia 13 walikuwa na upungufu huo. NIOSH huonya mtu asizidishe takriban lita 1.4 kwa saa. Jasho likiwa jingi, kula pia, hasa chakula chenye chumvi.

Kipimo rahisi ni mkojo. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa kunywa. Wapo mabawabu, hasa akina mama, wanaojinyima maji makusudi kwa kuwa hakuna choo karibu na lango. Hao hujiletea mawe ya figo na maambukizi ya njia ya mkojo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa pamoja na vyoo, kwa hivyo si hisani kuomba ufunguo.

Mwenzako juani akianza kuzungumza maneno yasiyoeleweka, akapepesuka, mwili ukiwa moto, usimlazimishe kunywa. Mpeleke kivulini, mmwagie maji yote mliyo nayo, mpepee, na mmtafutie gari la hospitali mkiendelea kumpoza.

Ukienda kununua, fungua kifuniko unuse. Chombo kinachonuka plastiki dukani kitanuka nyumbani. Jaribu kutia mkono ndani ili ujue utakavyokiosha. Mwombe muuzaji maji, ujaze, upindue na kutikisa hapo hapo kaunta. Chupa ya chuma ya mtumba haina neno ukiiosha vizuri kwa maji moto na kubadilisha mpira. Mfuko wa mtumba, wenye mrija uliowahi kuwa mdomoni mwa mtu mwingine, mwachie mwenye duka, hata akikupunguzia bei mara tatu.