UMEFIKA WAPI NA WAPI?
Somo kwa vijana walio katika uchumba, na kwa wazazi wao



Mwezi wa Desemba ukifika, njia zote zinazopanda mlimani kutoka barabara kuu ya Moshi na Himo hujaa watu. Watoto wa Kirua Vunjo wanarudi kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Nairobi na kwingineko, waje kula Krismasi na wazazi na kutazama kihamba. Ndipo pia vijana wengi wanapoonana na wachumba. Siku ni chache, wiki mbili au tatu, kisha kijana anarudi kazini. Basi mazungumzo huenda mbio, na mara nyingi swali moja hutangulia mengine: "Wewe umefika wapi na wapi?" Mwezi huu tumeona vema tulitazame swali hilo, maana wengi huliuliza kwa mchezo tu, na kumbe lina uzito.

Swali lenyewe si baya. Mtu akisimulia safari hujieleza mwenyewe pasipo kujua. Tuseme kijana anasema alikwenda Mombasa. Msikilize anasimulia nini. Je, ni hoteli na fedha alizotumia tu? Au anamkumbuka mzee aliyempokea, na jinsi basi lilivyoharibika usiku, na nani aliyekuwa na mtoto mgonjwa ndani ya basi lile? Tena sikiliza anavyowataja wenyeji wa kule alikopita. Akiwa na neno la dharau kwa Wagogo, kwa watu wa pwani, kwa kila kabila alilokutana nalo, usifikiri kwamba nyumbani kwake dharau hiyo itabaki mlangoni.

Lakini wengine wamelifanya swali hili kuwa mizani. Aliyefika mbali ni mzito, asiyefika ni mwepesi. Msichana anaulizwa, anainamisha kichwa na kujibu, "Mimi sijafika popote." Sisi twasema jibu hilo si la kweli. Huyo binti ameteremka mara ngapi mpaka shamba la tambarare kupalilia mahindi na maharage, na kupanda tena na mzigo kichwani? Amekwenda sokoni Himo, Kiboriloni na Marangu, anajua bei ya mkungu wa ndizi ilivyo asubuhi na jinsi inavyoshuka jioni, anajua ni nani wa kukopeshwa na nani si wa kukopeshwa. Pengine amelala siku kumi KCMC akimwuguza bibi yake. Zote hizo ni safari, na aliyezifanya amejifunza watu. Na zaidi ya hayo, wageni hutoka ng'ambo, wakashuka uwanja wa ndege wa KIA, ili wautazame mlima ambao yeye huuona akifungua mlango, kama mawingu yameondoka. (Nasi wenyewe tuliozaliwa chini yake, wengi wetu hatujafika Kibo, mita 5,895, wala hatujasikia mtu aliyenyimwa mke kwa sababu hiyo.)

Yuko pia asimuliaye mambo makubwa hata msikiaji asijue aamini au asiamini. Hapa tukumbuke habari ya jirani zetu wa Kilema. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari wa CMS, alitoka Rabai karibu na Mombasa akaja kwa miguu mpaka nchi ya Wachagga. Tarehe 11 Mei aliiona theluji ya Kilimanjaro, akafika Kilema kwa Mangi Masaki. Alipoandika habari ile, wataalamu wa Ulaya walimbishia. Mmoja wao huko London, Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alisema haiwezekani theluji iwepo karibu na ikweta. Rebmann hakubadili maneno yake. Baadaye Baron von der Decken alikuja mara mbili, mwaka 1861 na 1862, naye akaithibitisha. Kwa hiyo binti, usicheke upesi kila neno geni la mchumba wako, wala usilimeze upesi. Ngoja shahidi wa pili.

Na habari ya shahidi ndiyo inayotuleta kwenye upande ulio mzito zaidi. Kuuliza "umefika wapi" ni kuuliza pia "umeishi wapi, na nani." Mtu aliyekaa miaka sita katika mji mwingine amekuwa na maisha huko. Huenda ana mke, huenda ana mtoto ambaye wazazi wake hapa mlimani hawajasikia habari zake. Ndiyo sababu Kanisa hutangaza ndoa Jumapili tatu, tena si hapa tu bali na kule mwenzake anakosali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo yataka taarifa itolewe siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa. Kuna vijana wanaoyaona matangazo hayo kuwa usumbufu wa makasisi, hasa wakiwa wameomba likizo fupi. Lakini matangazo ni swali lile lile la safari, ila linaulizwa mbele ya watu wote.

Kwa hiyo msichana ana haki ya kuuliza wazi: "Huko ulikaa kwa nani? Ulisali wapi? Nani anayekufahamu, ili baba aongee naye?" Kijana mwenye moyo safi hatakasirika. Na kijana naye amwulize binti aliyefanya kazi mjini, kwa adabu ile ile. Kama yupo mtoto, atajwe kabla mahari haijapokewa. Jambo lililosemwa mapema wazee wanaweza kulikalisha chini na kulizungumza, bali likifichuka baada ya harusi litawagawa watu wa nyumba mbili.

Sasa tazameni Mwanzo sura ya 24. Mtumishi wa Ibrahimu amekuja kutoka mbali kumtafutia Isaka mke. Ndugu zake Rebeka wanataka akae kwanza siku kumi, mtumishi anataka kuondoka. Ndipo wakamwita binti mwenyewe, wakamwuliza kama yuko tayari kufuatana na mtu yule. Akakubali. Angalieni, hakuna aliyemwuliza amefika wapi. Waliuliza kama atakwenda, naye ndiye aliyejibu kwa kinywa chake.

Swali hilo la pili ndilo vijana wetu wanalosahau. Hapa mlimani ziko nyumba nyingi ambazo mume yuko Dar es Salaam, na mke yuko kihambani na mama mkwe, watoto na ng'ombe wa zizini. Mume huonekana Desemba, na mwaka mwingine haonekani. Tena kwa desturi yetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Dada unayeposwa na kitinda mimba anayekusimulia sifa za mji, uliza mapema: mama yake atakaa na nani? Katika safari zote anazopanga, nauli yako imo? Hatusemi kwamba mke lazima akae mjini, wala kwamba lazima akae kihambani. Wako walioishi mbalimbali kwa makubaliano wakalea watoto vizuri. Twasema wapatane kwa maneno wakiwa bado wachumba: nani atasafiri, nani atabaki, kwa miezi mingapi, na nani atamwona mzee akiugua. Wazazi nanyi msiyafunge mazungumzo hayo kwa kusema "mtajua mbele ya safari."

Vikundi vya vijana na vya akina mama vizungumze mambo haya. Soma pia Ruthu 2:11, uone Boazi alikuwa amesikia nini juu ya safari ya Ruthu kabla hajafikiri kumwoa. Je, sisi tungeuliza yale yale? Na kijana akiwa hapa kwa siku kumi na nne tu, ni jambo gani katika uchumba linaloweza kungoja mpaka Desemba nyingine, na lipi haliwezi?