Rangi za Kutu na Mrututu

Katika Majengo, Mombasa, paa la mabati likichakaa hushika kutu nyekundu, na sufuria ya shaba ikilazwa na mchuzi wa ukwaju hufanya kutu ya kijani. Kutu hiyo ya kijani ni sumu. Chakula hicho kimwagwe. Mrututu nao, ambao wazee waliutumia kuwa dawa ya vidonda, ni wa buluu, ingawa ndani yake mna shaba ile ile nyekundu.

Sababu yake ni nuru. Nuru ya jua huonekana nyeupe, kumbe imekusanya rangi zote za upinde wa mvua. Katika mrututu, chembe ndogo mno za shaba, ziitwazo elektroni, humeza sehemu nyekundu ya nuru hiyo zipate kuruka daraja ya juu; inayosalia na kufika machoni ni buluu.

Lakini shaba haifanyi kazi hiyo peke yake. Mwalimu akiutia mrututu moto darasani, maji yaliyofungwa ndani yake hutoka, ukawa unga mweupe. Ukidondoshewa maji, buluu hurudi papo hapo. Jirani wa shaba akibadilika, na nuru imezwayo hubadilika.

Zinki iliyopakwa juu ya mabati ni kinyume: elektroni zake zimejaza nafasi zote, hazina pa kurukia, basi unga wake ni mweupe. Wekundu ukitokea paani, zinki imekwisha mahali pale, na chuma chenyewe kinaliwa.