Ngamia Anapotafuna Mfupa

Kiangazi kikishika Wajir, mifugo huanza vituko. Ngamia anayenyonyesha huokota mfupa mkavu kandokando ya njia ya Habaswein, akauzungusha mdomoni upande huu na ule, mate yakimdondoka, asiuachie hata akichapwa. Ng'ombe hula udongo wa kichuguu, mbuzi hulamba kuta. Wapo wanaosema mnyama amezoea vibaya. Fimbo hapa ni kazi bure: mwilini mwake kuna kitu kimepungua, na mara nyingi ni fosforasi.

Nyasi zikikauka, madini hayo hupungua sana. Majike wenye mimba na wanaonyonyesha huumia kwanza, maana mifupa ya ndama na maziwa vyote vinatoka mwilini mwao. Hata twiga wa porini hutafuna mifupa.

Mfupa wenyewe waweza kukwama kooni, mnyama akashindwa kucheua na tumbo likavimba. Huyo ni wa kukimbiziwa daktari wa mifugo saa ileile. La kutisha zaidi ni mabaki ya mzoga, kwani hubeba sumu ya botulizimu. Miguu hulegea, mara nyingi ya nyuma kwanza, ulimi hupooza, kumeza kukamshinda, na kwa kawaida homa haipo. Sindano za antibayotiki ambazo wengi hukimbilia haziondoi sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Nyama yake isiliwe.

Basi mizoga iondolewe malishoni. Ichomwe, au izikwe kwa kina mbali na maji. Visima vya Wajir mjini ni vifupi, na uchafu hufika upesi. Mzoga unaotoka damu puani au mkunduni usipasuliwe kabisa: huenda ni kimeta. Mwite afisa wa mifugo.

Kwenye duka la dawa za mifugo, ulizia madini ya kulamba yenye fosforasi. Chumvi ya jikoni haina fosforasi, ingawa ngamia anahitaji chumvi kuliko ng'ombe, ndiyo maana wafugaji humpeleka kwenye visima vya maji ya chumvi. Aliyeikosa siku nyingi apewe kidogokidogo, maji yakiwa karibu. Akiibugia kwa pupa itamdhuru.

Mbuzi wa mjini ana balaa lake. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, lakini kamba za nailoni na nyuzi za magunia bado zimezagaa sokoni, naye huzila. Tumboni hazisagiki wala hazitoki. Hujisokota zikawa donge, mnyama akakonda huku tumbo limejaa. Kulitoa ni mpaka apasuliwe, na gharama hiyo aghalabu hupita bei ya mbuzi. Fagia zizi.

Sasa tofautisha. Upungufu wa madini huja polepole, na kwa kawaida huonekana kwa wanyama kadhaa. Mmoja akibadilika ghafla, akauma miti na mawe, akatokwa mate na sauti ikageuka, shuku kichaa cha mbwa. Hapa ndipo wachungaji wengi huponzwa: hudhani mfupa umekwama, wakaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Usiingize. Mfunge mbali na watu, maziwa yake yasinywewe, mwite daktari wa mifugo. Ikiwa mkono umeshaingia, uoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe, hata kama huoni jeraha.