Somo la Sabuni ya Nazi

Ndugu wanachama, wenzetu wa Mlingotini, Bagamoyo, hulima mwani na kuutia katika sabuni. Sisi tunazo nazi na karafuu. Basi na tujifunze.

Pima kwa mizani, usikisie: mafuta ya nazi kilo 1, maji gramu 380, magadi moto (kostiki) gramu 174. Kipimo hiki ni cha mafuta ya nazi matupu. Vaa glavu na miwani, kaa penye hewa, watoto wawe mbali. Tia magadi katika maji kidogo kidogo. Usimimine maji juu ya magadi, yatachemka yakurukie usoni. Sufuria ya aluminiamu haifai, magadi huila. Tumia ndoo nene ya plastiki.

Yakiwa vuguvugu, yamimine katika mafuta, ukoroge mpaka yawe mazito kama uji. Hapo tia mafuta ya karafuu gramu 5, si zaidi: yakizidi huwasha ngozi, tena huigandisha sabuni ndooni. Mimina katika kisanduku, kata kesho yake asubuhi, uanike kivulini wiki 4.

Magadi yakizidi, sabuni itamchoma mtoto. Basi mizani kwanza, harufu baadaye.